Kuchagua baiskeli nyepesi ya mbio za nyika, na kudai waranti fremu inapopasuka

Anayetaka kununua baiskeli ya mbio za nyika, yaani ile baiskeli ya milimani iliyoundwa kwa ajili ya kupanda vilima kwa kasi na kupita njia za msituni na za vumbi, hukutana kwanza na uzito. Muuzaji huutaja kabla hajataja bei, nasi wanunuzi tumezoea kuiinua baiskeli kwa mkono mmoja dukani na kuridhika kwamba ni nyepesi. Mimi huendesha baiskeli ya aina hii mkoani Arusha, kwenye njia zinazopanda kutoka Ngaramtoni kuelekea miteremko ya Mlima Meru na zile za vumbi kuelekea Monduli, na nimejifunza kwa gharama kwamba lipo swali jingine linalostahili kuulizwa siku hiyohiyo: kipande kikivunjika, zitapita siku ngapi kabla kingine hakijapatikana, na ni nani atakayekilipia? Nitayaeleza mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu uamuzi unaoufanya dukani kuhusu gramu ndio unaoamua jinsi waranti itakavyokufaa baadaye.

Gramu zenye thamani na zisizo na thamani

Wepesi una faida, na faida hiyo inapimika. Chukua mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli ya kilo 12, na kilo 3 za maji, viatu, kofia na vifaa. Jumla ni kilo 85. Ukipunguza kilo 1 umepunguza mzigo kwa asilimia 1.2 hivi, na kwa kuwa kwenye mlima mkali karibu nguvu zote hutumika kuuinua mzigo huo, mlima unaokuchukua saa nzima utaumaliza mapema kwa sekunde 40 hivi. Kwa mshindani sekunde hizo ni nyingi sana. Kwa mwendeshaji wa kawaida, kilo hiyo ina thamani iwapo haikupatikana kwa kuondoa kitu ambacho angekihitaji akiwa kilomita 30 kutoka barabara ya lami.

Uzito unaoandikwa na kiwanda usomwe kwa tahadhari. Viwanda vingi hupima baiskeli bila padeli, mara nyingi hupima saizi ya kati au ndogo, na wakati mwingine huipima ikiwa imeondolewa tyubu ilhali dukani inauzwa ikiwa na tyubu. Padeli peke yake huongeza gramu 300 hadi 400. Mimi huenda dukani na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ambayo wasafiri huitumia kupimia mabegi. Huipachika ndoano yake chini ya kiti, huinua, na husoma mwenyewe. Kwa vipimo vya namna hiyo, baiskeli ya kaboni ya daraja la mashindano isiyo na shokapu ya nyuma huwa na kilo 9 hadi 10, ya alumini yenye shokapu nzuri ya mbele huwa na kilo 11 hadi 13, na ile ya bei nafuu yenye shokapu ya springi hufika kilo 14 au zaidi.

Tofauti kubwa kati ya hizo za alumini haitokani na fremu, bali na shokapu ya mbele. Shokapu ya springi ya chuma ina uzito wa kilo 2.3 hadi 2.8, ilhali ya hewa iliyotengenezwa kwa mbio za nyika ina kilo 1.4 hadi 1.8. Mbali na wepesi, ya hewa hurekebishwa kulingana na uzito wa mwendeshaji kwa kuongeza au kupunguza upepo kwa pampu maalumu, jambo linalomfaa sana mtu wa kilo 55 ambaye uzito wake hauibonyezi springi ya kiwandani. Fedha yako ikitosha kwa kitu kimoja tu kizuri, iende hapo.

Magurudumu na matairi yanafuata. Tyubu ya kawaida ya gurudumu la inchi 29 ina gramu 200 hivi. Ukiiondoa na kutia mililita 80 hadi 100 za maji ya kuziba matundu, umepunguza gramu 100 kwa kila gurudumu, na umejiepusha na pancha nyingi za miiba ya migunga. Maji hayo hukauka haraka katika joto, kwa hiyo yaongezwe kila baada ya miezi 2 au 3. Hata hivyo siwashauri wenzangu wanunue matairi ya gramu 550 yenye kuta nyembamba kama karatasi. Mawe ya volkano yanayozunguka Meru yana makali, na ukuta wa tairi uliochanika hauzibwi na maji yoyote. Tairi la gramu 700 hadi 750 lenye ukuta ulioimarishwa lina uzito zaidi, lakini hukurudisha nyumbani ukiwa umelipanda.

Kuhusu fremu, kaboni ni nyepesi kuliko alumini kwa nusu kilo au zaidi kidogo. Kaboni nzuri ni imara sana, lakini ikigongwa na jiwe huweza kuumia ndani bila kuonyesha jeraha nje, na ukarabati wake unataka fundi aliyesomea kazi hiyo. Kwa mtu anayenunua baiskeli yake ya kwanza ya aina hii, na anayeishi mbali na miji mikubwa, ningechagua alumini bila kusita na kuiweka tofauti ya bei kwenye shokapu na magurudumu.

Mjadala wa shokapu ya nyuma ni wa miaka mingi, na mashindano yenyewe hayajaumaliza. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Czech alishinda kwa baiskeli ya inchi 29 yenye shokapu mbele na nyuma, akimtangulia kwa sekunde 1 tu Nino Schurter wa Uswisi aliyepanda baiskeli ya inchi 27.5 isiyo na shokapu ya nyuma. Kwetu swali ni la matunzo. Shokapu ya nyuma huongeza kilo 1.5 hadi 2, na pamoja nayo huja beringi nyingi katika viungo vya fremu, ambazo vumbi la kiangazi na tope la masika huzila kwa zamu. Muda wa matengenezo nao ni mfupi kuliko watu wanavyodhani: kwa shokapu nyingi za mbele za RockShox, kiwanda huelekeza zifunguliwe sehemu ya chini na kubadilishwa mafuta kila baada ya saa 50 za kuendesha, na Fox huelekeza matengenezo kamili kila baada ya saa 125. Anayeendesha saa 6 kwa wiki hufikisha saa 50 ndani ya miezi 2. Kama hakuna fundi wa kazi hiyo mjini kwenu, kila shokapu unayoiongeza ni deni unalojiwekea.

Kabla ya kuondoka kwenye fremu, angalia vipimo ambavyo muuzaji hatakutajia usipomwuliza. Shingo ya fremu iwe imepanuka upande wa chini, kwa sababu shokapu nyingi nzuri za leo haziingii kwenye shingo nyembamba iliyonyooka. Ekseli ya nyuma iwe ya kupenya, yenye upana wa milimita 148, na ya mbele iwe ya milimita 110. Hivyo ndivyo vipimo ambavyo magurudumu mengi ya milimani hutengenezwa navyo sasa. Ekseli ya padeli iwe ya kufungwa kwa thredi, maana zile za kushindiliwa hulia na kuhitaji vifaa vya pekee. Tazama pia habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, inapokea aina gani ya kaseti, ile seti ya meno ya gia: gia 12 za Shimano Deore, kwa mfano, zinahitaji habu tofauti na ile inayopokea kaseti za gia 8 hadi 11 ambazo ndizo nyingi madukani. Breki nazo zina mafuta tofauti. Za Shimano hutumia mafuta ya madini, ilhali nyingi za SRAM hutumia mafuta ya DOT, ambayo DOT 4 yake hupatikana kwenye duka lolote la spea za magari; ukiyachanganya, mipira ya ndani huvimba na breki hufa.

Waranti isomwe kabla ya kulipa

Neno waranti linaficha ahadi kadhaa zilizotolewa na watu tofauti. Fremu ina ahadi ya mtengenezaji wa baiskeli. Shokapu, gia na breki zina ahadi za viwanda vilivyozitengeneza. Na duka nalo lina wajibu wake kwa mnunuzi. Trek na Santa Cruz, kwa mfano, hutoa waranti ya fremu inayodumu maisha yote ya mnunuzi wa kwanza kwa fremu zao nyingi. Canyon hutoa miaka 6 na Scott miaka 5. Shimano hutoa miaka 2 kwa vifaa vyake vingi na miaka 3 kwa daraja la XTR, na SRAM hutoa miaka 2. Masharti hubadilika, kwa hiyo chapisha au hifadhi nakala ya masharti yaliyokuwepo siku uliyonunua.

Uzito wa ahadi hizo uko katika maneno "mnunuzi wa kwanza". Ukiinunua baiskeli kwa mtu, hata kama ina miezi 3 tu, mara nyingi waranti ya fremu imebaki kwake. Jambo hili huwaumiza hasa wale wanaoletewa baiskeli na ndugu walioko Ulaya au Dubai: risiti imeandikwa jina la mjomba, baiskeli iko Moshi, na duka lililouza liko umbali wa tiketi ya ndege. Nunua kwa njia hiyo ukitaka, lakini mwombe mjomba aandikishe jina lako kwenye risiti na kwenye usajili wa namba ya fremu, na uulize kwa barua pepe, kabla ya fedha kutoka, kama wakala wa Afrika Mashariki atapokea dai la baiskeli iliyouzwa nchi nyingine. Jibu lolote watakalolitoa, lihifadhi.

Yasiyolipiwa na waranti yanafanana karibu kila mahali: matairi, tyubu, cheni, pedi za breki na kebo, kwa kuwa huisha kwa kutumika, majeraha ya kuanguka, kutu, na makosa ya ufungaji. Kutu liangaliwe sana na wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa ya chumvi hula boliti na beringi hata baiskeli ikiwa imeegeshwa. Mara nyingi pia matumizi ya biashara hayalindwi. Wapo waongozaji watalii wanaonunua baiskeli kwa jina binafsi na kuzikodisha kwa wageni. Fremu ikipasuka na kampuni ikagundua, dai hukataliwa na hakuna wa kulaumiwa. Wao waombe mkataba wa kibiashara tangu mwanzo.

Mwulize muuzaji maswali haya ana kwa ana, na sikiliza kama anajibu au anazunguka: fremu ikipasuka, ni nani atakayepeleka dai, ninyi au mimi? Nauli ya mzigo analipa nani? Kazi ya kuhamisha vipande kutoka fremu mbovu kwenda fremu mpya inalipiwa? Sikio la kishikio cha gia, kile kipande kidogo kinachopinda baiskeli inapoanguka, mnacho hapa stoo? Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo ninaloliamini kuliko yote. Duka lisilo na kipande hicho cha bei ndogo halijajiandaa kukuhudumia baada ya mauzo, hata wakikupa kadi ya waranti yenye nembo ya dhahabu.

Ukishalipa, chukua risiti ya EFD, au ya ETR kama uko Kenya, na ipige picha siku hiyohiyo kwa sababu wino wake hufutika. Andika namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hugongwa chini ya ekseli ya padeli, isajili kwenye tovuti ya kiwanda, na anza daftari la matengenezo lenye tarehe.

Baiskeli za mtumba mara nyingi hazina waranti, lakini zina haki moja ambayo wengi hawaijui. Kampuni inapogundua kasoro ya hatari na kuziita baiskeli zirudishwe, marekebisho hutolewa kwa aliye nayo, bila kujali ni mmiliki wa ngapi. Mwezi Aprili 2015 Trek iliita baiskeli takriban 900,000 nchini Marekani kwa sababu wenzo wa kufungulia gurudumu la mbele ungeweza kufunguka kupita kiasi na kunasa kwenye diski ya breki, na baadaye mwaka huohuo kampuni nyingine kadhaa zikafuata. Ukinunua mtumba wenye breki za diski na wenzo wa namna hiyo, ufungue wenzo na kuuzungusha mpaka mwisho wake upande wa diski. Nafasi ikiwa chini ya milimita 6, yaani penseli haipiti, badilisha wenzo huo kabla ya kupanda.

Fremu inapopasuka

Fremu yangu ya alumini ilipasuka ikiwa na miezi 19. Nilikuwa naiosha uani, nikaona mstari mweusi mwembamba kama unywele chini kidogo ya kibanio cha nguzo ya kiti, na nilipoufuta kwa kitambaa haukuondoka. Nilipitisha ukucha, ukanasa. Fundi wangu alipaka mafuta ya taa mahali pale, akasubiri kidogo, akafuta mpaka pakakauka, kisha akapaka vumbi la chaki nyeupe. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha ndani yalipanda na kuchora mstari wa unyevunyevu wenye urefu wa milimita 34 juu ya ule weupe. "Hapa si rangi iliyochubuka, kaka," akaniambia, "hapa mwili umefunguka." Njia hiyo ni ya zamani na kila mtu anaweza kuitumia kwa fremu ya alumini au ya chuma.

Ukiona mstari wa namna hiyo, acha kuendesha. Kuendelea kupanda baiskeli yenye ufa ni hatari kwa mwili wako, na pia kunampa mkaguzi sababu ya kusema kwamba wewe ndiye uliyeukuza. Usikwaruze rangi, usipeleke kuchomelea. Piga picha kwenye mwanga wa asubuhi: baiskeli nzima kutoka upande wa gia, namba ya fremu, ufa kwa mbali, ufa kwa karibu ukiwa na rula pembeni, na risiti. Mimi niliongeza picha moja iliyoniokoa. Ufa wa mahali pale mara nyingi husababishwa na nguzo ya kiti iliyovutwa juu kupita alama ya kikomo, na hilo ni kosa la mtumiaji. Kabla sijagusa chochote nilizungushia utepe kwenye nguzo pale inapoingia kwenye fremu, nikaichomoa, nikaipiga picha ikiwa sambamba na rula: milimita 112 zilikuwa ndani, na alama ya kikomo ilikuwa imezama kabisa. Mkaguzi aliuliza swali hilohilo wiki 2 baadaye, nami nilikuwa na jibu tayari.

Barua ya dai iwe fupi. Taja baiskeli, namba ya fremu, tarehe ya kununua, tarehe ya kuona ufa, unachokiomba, na tarehe unayotarajia jibu. Usieleze hasira yako wala usikisie chanzo cha ufa. Simu zifuatiwe na ujumbe wa maandishi, "Kama tulivyozungumza leo, mmesema kwamba...", kwa maana duka lililoniuzia lilibadilisha msimamizi mara 2 katika kipindi hicho, na kila mmoja alianza kwa kuniambia kwamba hana taarifa. Bila ujumbe ule ningeanza upya kila mara. Dai langu lilichukua wiki 11.

Duka likikaa kimya, mwandikie moja kwa moja wakala wa kanda au kiwanda, ukiambatisha barua zote. Sheria nayo ipo. Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya zinamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaokubalika. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, nayo inalinda walaji. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, kiasi kinachotosha baiskeli nyingi. Mara nyingi barua yenye adabu inayotaja sheria kwa jina lake humaliza mazungumzo yaliyokwama.

Dai likikataliwa kwa sababu ulianguka, uliza kama kampuni ina bei ya punguzo ya kubadilisha fremu zilizoumia kwa ajali. Kampuni nyingi kubwa zinayo, lakini si kila duka hukumbuka kuitaja.

Dai likikubaliwa, usifurahi mpaka umeuliza vipimo. Fremu niliyoletewa ilikuwa nzuri na nyepesi kuliko ya zamani kwa gramu 90, lakini nafasi ya gurudumu la nyuma ilikuwa milimita 148 na gurudumu langu lilikuwa la milimita 142. Waranti ilikuwa imelipia fremu tupu. Habu mpya, spoki mpya na kazi ya kulisuka upya gurudumu vilikuwa juu yangu, na baada ya barua 3 zaidi duka lilikubali kulipa nusu ya habu. Kwa hiyo andika kabla ya mzigo kusafirishwa: upana wa ekseli ya nyuma ni ngapi, nguzo ya kiti ni ya kipenyo gani, shingo ni ya aina gani, ekseli ya padeli ni ipi, na kitu kisichoingia nani atakilipia? Uliza pia kama waranti ya fremu mpya inaanza upya au inaendelea kuhesabiwa tangu siku uliyonunua ile ya kwanza.

Mwishoni huenda wakakutaka uiharibu fremu ya zamani na kutuma picha kama uthibitisho, ili isirudi sokoni. Usifanye hivyo kwa ahadi tu. Mimi nilisubiri mpaka fremu mpya ikafika Arusha, fundi akapitisha ekseli na nguzo ya kiti na kuhakikisha vimekaa sawa, nikaandika namba yake mpya kwenye daftari na kuisajili kwa jina langu. Kisha nikaifunga ile ya zamani kwenye jiliwa, nikaikata kwa msumeno katikati ya bomba la chini, nikapiga picha vipande viwili vikiwa na namba ya fremu inayosomeka, nikazituma jioni ileile.